Saa Kumi na Nne Hewani

Kazi yangu ni kukata tiketi, Barabara ya Nkrumah,
ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.
Niulize Mombasa hadi Toronto, nitajibu sijainua kichwa:
kilomita elfu kumi na mbili na mia sita,
saa kumi na nne hewani
kama ndege ingenyoosha tu, bila kutua.
Lakini haipo inayonyoosha.
Kuna Nairobi, kuna Doha, kuna kusinzia kwenye viti vya chuma
umekumbatia mkoba,
na safari huwa siku nzima na kipande cha ya pili.

Wateja huwaandikia saa zao kwa wino mwekundu,
za tiketi na za Kiswahili, bega kwa bega,
maana yuko mama mmoja wa Mwembe Tayari
alisoma saa tano, akaja saa tano,
jua limeshapanda,
na ndege imeondoka tangu alfajiri.

Baba alikata roho Jumatatu, adhana ya kwanza haijaisha.
Nikampigia Twahir. Kwake ilikuwa Jumapili,
saa tatu za usiku, anaosha vyombo;
nilisikia sahani.
Kwa kalenda yake
baba alikuwa na usiku mzima bado wa kuishi.
Hakulia. Aliuliza, "Ndege ya kwanza saa ngapi?"
Akaniuliza mimi, kama mteja.

Nikafungua simu kwa vidole vya kazini.
Ya kwanza, ya pili, ya kungoja, ya kukimbilia.
Kila nilivyojumlisha ilitoka Jumatano.
Na majembe yalikuwa yameshaondoka nyumbani.
"Tunamzika Alasiri," nikamwambia.
Nikasikia bomba likifungwa.

Shangazi Ruweida, mdomo wake hauna pazia:
"Asiyekuwepo na lake halipo."

Wanaume wakabeba jeneza, wakashika njia ya Kikowani.
Kutoka mlangoni kwetu ni dakika tisa kwa miguu.
Nilibaki ukumbini na wanawake, juzuu mapajani,
nikisikia tahalili ikipungua kona kwa kona
mpaka ikamezwa kwa muuza makaa.
Dakika tisa.
Nami sikufika, kama yeye.

Jumatano akaingia na koti la baridi mkononi,
shingo imekakamaa, macho mekundu ya viwanja vitatu.
Hata hajaketi, akatoa mfukoni pakiti ya betri,
zile ndogo kama dengu,
za mashine ya sikio la baba.
Aliziahidi tangu Ramadhani.
Akazipanga juu ya kitambaa cha meza, moja moja, sita,
kama mtu anayelipa deni dukani.
Shangazi akazitazama,
akainuka kwenda kutia chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Magharibi tulikwenda wawili.
Mimi niliishia ukutani, yeye akaingia langoni.
Nikatazama saa. Mazoea.
Tulikuwa tumetembea dakika kumi na moja:
Twahir alisimama mara mbili njiani
akijifanya kufunga kamba za viatu.

Siku hizi mtu akija na pasipoti mpya
akiuliza huko ni mbali kiasi gani,
ile hesabu hukwama kidogo kooni.
Humuuliza kwanza: kwenu, nani mgonjwa?
Kisha ndipo nichukue kalamu nyekundu
nimwandikie saa zake,
zote mbili.