Komeo

Si la mlango. La mlango ninalo, lina kutu,
hulisukuma kwa kiganja kila saa tatu usiku.
Hili ni la bunduki: chuma kirefu kuliko kiganja kwa vidole viwili,
na mkono uliopinda kama kidole cha mtu anayemwita mtoto.
Miaka thelathini na moja limenukia mafuta
ndani ya kopo la kakao, mbali na bunduki yenyewe.
Ndivyo alivyotaka.

Ndetaulwa alikufa Machi, mvua zinaanza.
Bunduki niliipeleka kituoni mwenyewe
ndani ya khanga yangu ya msibani.
Mtutu una ufa. Wakaandika: haifai, iteketezwe.
Komeo likabaki zima. Ofisa akageuza karatasi, akasema,
"Hili linauzika, mama. Ila si kwa mkono wako."

Mnunuzi yuko Mafinga. Kihongole.
Analinda mahindi dhidi ya nguruwe pori,
bunduki yake ni pacha wa ile, komeo lake limekatika jino.
Akanipigia, sauti ya haraka:
"Tia kwenye boksi la sabuni, mpe kondakta,
nitalipokea stendi alfajiri. Pesa natuma sasa hivi."
Na pesa nilizihitaji. Ada ya Anaeli, kidato cha tano,
mhasibu ameshaandika jina lake kwa wino mwekundu.
Boksi la sabuni lilikuwepo. Nililitazama.
Likanitazama.

Kesho yake nikatoka Tengeru hadi Arusha mjini,
duka la Bwana Virani, milango miwili ya nondo.
Hakuligusa kwanza. Alivaa miwani,
akasoma kibali cha polisi toka juu hadi chini,
akarudi juu tena kama mtu anayepanda Meru
akakumbuka kasahau maji.
Ndipo akakigeuza chuma chini ya taa.
"Soma nambari, mama." Nikasoma. Akaandika.
"Soma tena." Nikasoma. Akatia alama.
Leseni yake iko ukutani; ya mwenzake wa Iringa
imekuja nakala, mhuri umelowa wino.
"Dukani kwangu hadi dukani kwake," alisema,
"katikati hakuna mfuko wa mtu."
"Na Kihongole?"
"Atapanda basi na leseni yake,
atasimama kaunta kama ulivyosimama wewe."

Nilikasirika, nisikufiche.
Siku kumi na moja kwa kitu kinachoingia kwenye kikapu!
Mbege huiva mapema zaidi.
Akanipa stakabadhi, kiti, chai ya tangawizi,
akaanza kunisimulia kipande kimoja
kilichosafiri ndani ya gunia la karanga.
Hakumalizia. Alikoroga chai
mpaka ikapoa.

Kabla hajalifunga niliomba nilisukume mara moja.
Halikulia. Nje ya bunduki, komeo ni bubu.
Jumapili jioni Ndetaulwa alilisafisha,
akalirudisha mahali pake, klak,
nami jikoni nikajua wiki imekwisha.

Sasa sikiliza. Mtu huyu, cheti cha kifo
kimemwandika Ndetauwa. Mafao yanamjua kama Ndetaulua.
Kwenye hati ya shamba amezaliwa
miaka miwili baada ya mdogo wake.
Ofisi tatu zimenirudisha nyumbani na bahasha ileile:
"Mama, havioani."

Siku ya kumi na moja nilikuwa nachambua maharage.
Simu. Virani, hana salamu ndefu.
"Wamelipokea. Wamesoma. Nambari zinalingana."
Nikamwambia arudie.
"Zinalingana, mama. Tarakimu zote."
Kokoto moja mkononi, sijui niitupe wapi,
nikamwomba arudie tena.
Akarudia.
Hakuniuliza kwa nini.