Demani

Upepo umegeuka. Sikuambiwa na mtu:
pazia lililonipiga usoni tangu masika
leo limetoka nje ya dirisha,
lapungia kichochoro.

Mguu umetoka plasta Jumatatu.
Umekonda, umepauka, una magamba kama kenge;
naukanda kwa mafuta ya nazi, nauita mwanangu.
Mvua zote nimezisikia kwa bati, sikuziona.
Kipupwe kikaja na blanketi, na simu:
"Waendeleaje?"
Naendelea.
Kuendelea kwenda wapi, hakuna aliyeuliza.

Ngazi zetu za Kibokoni ni thalathini na moja.
Nimezihesabu nikishuka kwa kitako,
mjukuu wangu Rukiya nyuma, mkongojo begani, acheka,
nami nacheka, na vumbi lote la ngazi
nalichukua kwa buibui.
Mlangoni, paka wa Bi Khuleita akanikazia macho
kama mdai.
Hana adabu yule. Nilimkosa.

Haya, dunia, nikufanye nini?
Nilikuwa na orodha: benki, kodi, daktari, kitambulisho.
Nimeiacha juu ya friji.

Kwanza kahawa ya Msellem, chungu, wima,
katikati ya wanaume walionipisha
wakidhani napita.
Sikupita.
Kikombe, kashata, kikombe tena,
na habari zilizolala zikinisubiri:
nani kaoa, nani karudiana,
nani kapaka nyumba rangi ya zambarau
na mtaa mzima haujamsamehe.

Pili sikumbuki. Nadhani ni asumini.
Kijana kando ya Marikiti auza vikuba;
nikanunua viwili,
kimoja changu, kimoja nikaufunga nacho mkongojo,
maana umenibeba miezi, maskini,
bila hata ahsante.

Halafu feri.
Likoni sina ndugu, sina deni, sina shamba.
Nimevuka kwa kuwa yavukika,
na kwa miguu hawatozi kitu.
Kuku wawili kikapuni, baiskeli ya maandazi,
mwalimu asahihisha madaftari amesimama,
kalamu nyekundu yaruka kila injini ikikohoa,
na mtoto wa watu, simjui,
akanishika kidole akidhani ni cha mamake.
Sikumsahihisha, mpaka kati ya maji.

Ng'ambo nikala viazi karai, ukwaju ukanitiririka kiwikoni,
nikageuka na feri ileile.
Askari akaniuliza: "Mama, umesahau kitu?"
Eh, baba. Nilikisahau.
Nimekwenda kukichukua.

Sasa ni usiku, mguu umevimba kama boflo,
umo ndani ya beseni, maji na chumvi,
na harufu ya asumini imeshinda ya dawa.
Ngazi za kupanda sikuzihesabu.
Rukiya asema ni thalathini na mbili,
asema mimi siku zote
nakiruka kizingiti.