Koti Lililogeuzwa

Baba hakuwa fundi. Alikuwa mchambua matambara
katika ghala moja nyuma ya stesheni ya Prato,
miaka thelathini na minane juu ya ndoo iliyopinduliwa,
marobota yakimwagwa mbele yake kutoka bandari asizozijua
na vidole vyake vikihoji kila kipande kama karani wa mpakani:
sufu. Sufu na nailoni. Sufu ya kondoo mzee.
Wewe mwongo, wewe ni pamba.
Hakutazama. Jicho, alisema, huhongwa na rangi.

Leo koti lake limelala kifudifudi mezani
pale alipokuwa akikatia mkate.
Tobia anaanza kazi Bolzano wiki ijayo, na baridi ya huko haina adabu.
Lile alilonunua dukani kwa bei ya chakula cha mchana
lilifumuka kwapani kabla ya mvua ya pili.
Nikamwambia: litoe kabatini la babu yako,
nitaligeuza.

Kugeuza koti si muujiza.
Unafumua kila mshono, unapiga brashi,
nje inakuwa ndani, unashona upya,
na upande ambao haujaonja jua ndio unaotoka kwenda sokoni.
Shangazi Zaira alinifundisha, pini mdomoni,
akiutukana uzi wa siku hizi.

Bitana ilitoka kwanza, ikaangusha
makombo, tiketi ya basi isiyosomeka,
kifungo kisicho na ndugu.
Kisha kola. Kisha mikono,
wembe ukipita taratibu, tk, tk,
kama mtu anayekula samaki wa miiba mingi.

Ndipo nikaona.
Upande wa ndani, niliotarajia kijani cha chupa,
ulikuwa umechakaa tayari.
Viwiko vimepauka. Bega la kushoto limelika.
Na matundu ya vifungo yamezibwa kwa mishono midogo
kiasi kwamba niliipata kwa ukucha.

Koti lilishageuzwa.

Kumbe ndiyo maana leso ya baba ilikaa kulia!
Utotoni nilidhani ni desturi ya ukoo.
Nilipoolewa nikamshonea Renzo mfuko wa kifuani upande huohuo;
anacheka hadi leo.

Basi huyu ni bibi Ersilia, ambaye sikumkuta,
ameketi usiku mmoja na koti la mumewe lililobaki tupu
(babu alibeba magunia, bega la kushoto),
akalifumua, akamgeuzia mwanawe,
asimwambie mtu.
Ufukara wa siku zile ulivaliwa kwa ndani.

Koti lina pande mbili tu. Wa tatu sina.

Nikachemsha kahawa, ikapoa.
Halafu nikafumba macho,
mkono mmoja upande wa baba, mwingine upande wa babu,
nikasubiri.
Wa baba ulikuwa ganda la kitunguu, hasa kwenye mikono,
maana aliyepapasa nguo za dunia nzima
aliichakaza ya kwake.
Wa babu ulikuwa umekaa gizani miaka hamsini
kama shamba lililopumzishwa;
malaika ya sufu yalikuwa yamesimama tena, kidogo.
Kidole kiliamua, si mimi.

Viwiko nimevitia viraka vya suruali ya Renzo, kahawia,
wala sikuvificha.
Bega nimelijaza uzi mwekundu, mstari juu ya mstari:
magunia yale yana haki ya kuonekana.
Matundu aliyoyaziba bibi nimeyafungua,
na uzi wake nimeuviringa kwenye kibiringo kitupu.
Bado una nguvu. Nimeujaribu kwa meno.

Tobia analivaa mbele ya kioo cha bafuni.
Mfuko mbona uko kushoto, anauliza,
wa babu si ulikuwa kulia?
Umerudi, namjibu.
Haulizi kutoka wapi. Treni yake ni saa kumi na mbili,
na mfukoni ameshatia funguo na pipi mbili.