Rimu Nne, Nkuhungu

Gari liko juu ya matofali tangu Ijumaa,
limeinama kidogo, kama mtu anayetafuta sarafu.
Verossa ya mkono wa tatu.
Rimu zake nimezilaza juu ya magunia ya alizeti,
na mama Chiwanga, kidevu juu ya ukuta, anauliza
kama nimefungua genge la sahani.

Kiwandani zilipakwa fedha.
Sasa ukipitisha kitambaa chenye thina
kinachotoka ni barabara:
masizi ya breki, lami ya Gairo,
na kwenye mdomo wa rimu moja
makovu manne ya ukingo wa saruji pale hospitali,
usiku ule nilioegesha bila kuangalia.
Sitaeleza.
Yamekaa hapo miaka sita bila maelezo.

Msasa mia tatu na ishirini, kisha mia sita.
Maji kwa kopo, maana bomba lina zamu zake.
Hii si chuma, aliniambia Ndahani, fundi rangi wa Kizota,
hii ni aluminiamu, haishiki kutu,
ikizeeka inatoa unga.
Akanikopesha kompresa.
Mkono wake akakataa kunikopesha.

Ili tairi lisipakwe unachomeka kadi
kati ya mpira na rimu, moja ikilalia nyingine,
duara zima, kama magamba ya samaki.
Kadi ninazo. Nani mji huu hana kadi?
Droo nzima ya michango:
ubarikio, kipaimara, kumuaga binti, harusi, harusi,
familia ya Lechipya inayo furaha,
singo elfu hamsini, dabo laki moja.
Nimechangia ndoa kumi na tisa.
Tatu nasikia zimevunjika.
Hakuna aliyenirudishia hata soda.

Ya Nyemo naijua kwa ukingo wake wa dhahabu.
Naichomeka karibu na pua ya upepo,
pale rangi inapopenda kuwa nzito.

Julai hapa upepo huamka saa tatu.
Kwa hiyo saa kumi na mbili niko uani na koti,
moshi wa majirani bado unapanda wima.
Praima ya kijivu. Subiri.
Kisha shaba,
si dhahabu, dhahabu kwa mshahara upi,
shaba ya senti tano za zamani
ambazo bibi, Mvumi, alizitunza kwenye kopo la kahawa
hata baada ya kuambiwa hazinunui kitu.
Mkono mwembamba. Subiri. Mkono mwembamba.
Ukiwa na haraka rangi inatoa machozi
na wewe unafuata.

Ya kwanza, safi. Ya pili. Ya tatu nikapiga mluzi.
Ya nne ilikuwa mbichi kabisa
chamchela ilipoinuka uwanja wa mpira
na mifuko yake, na maganda yake ya alizeti,
ikaruka ukuta bila hodi,
ikasimama juu ya rimu yangu kama mkaguzi,
ikaondoka.

Vumbi jekundu juu ya shaba mbichi.
Rangi iliyobaki haikutosha hata nusu rimu.
Nilichuchumaa pale muda mrefu.
Mama Chiwanga, kwa mara ya kwanza, hakuwa na neno.
Kisha akalipata:
"Si mbaya. Kama mkate wa ufuta."

Nikapiga klia juu yake, vumbi na yote.

Jioni nachomoa kadi.
Kila moja ina upinde wa shaba.
Kwenye ya Nyemo rangi imemfunika bwana harusi,
zimebaki herufi mbili za mwisho,
na jina la ukumbi,
na namba ya simu ya mweka hazina.
Nimezichoma zote. Ile, nitaichoma kesho.

Jumapili nakaza nati, kwa msalaba, kama inavyotakiwa.
Yenye vumbi nimeiweka mbele kulia,
upande wa dereva.
Ndahani akaja, akainama, akapitisha kidole gumba,
akakutana na chembe,
akakirudisha kidole pale pale.
Hakusema kitu.
Akauliza kompresa yake iko wapi.