Milimita Thelathini na Tano

Mkate wa shoti hauokwi kwa mbali.
Unainama ndani ya tanuri mpaka kiunoni,
unabandika donge ukutani, penye moto wenyewe,
unachomoka kabla nyusi hazijanuka.
Miaka kumi na moja naifanya kazi hiyo, Sololaki,
na bado, nilipopata kamera,
nilichokitamani kwanza ni lenzi ndefu.

Ndefu kama mkono wa mdai!
Nimwone mwewe juu ya ngome,
nihesabu vigae vya kanisa ng'ambo ya mto,
nimwone baba uani kwake akicheza nardi,
yeye asinione.

Otia huuza vyake Daraja Kavu, mwisho wa juma:
shuka chini, juu yake medali, vijiko,
jino la dhahabu la mtu asiyejulikana,
na lenzi zimekaa wima kama vikombe vya wageni.
Aliipokea kamera yangu, bado ina harufu ya boksi,
akabonyeza kitufe, akazungusha robo,
jicho likatoka.
Nikaguta, kama niliyefungua mlango wa bafu lenye mtu.
"Usiogope. Hiki ndicho ulicholipia.
Ila ukibadili, ielekeze chini, na uharakishe;
vumbi likishaingia humo
kila anga utakayopiga itakuwa na nzi."

Nikaomba ile ndefu. Akanipa.
Nzito kama mtoto aliyelala.
Nikaiinua, na daraja zima likatetemeka:
sikio la muuza mazulia likaja,
likapita,
likarudi sharubu.
"Mwanga wa Novemba huu," alisema Otia.
"Hiyo inataka jua, au stendi ya miguu mitatu,
au mshahara usio wako."

Akachakura sandukuni,
akatoa kipande kifupi, kimekwaruzwa ubavuni.
Thelathini na tano. Haivuti, haisukumi.
"Na nikitaka kusogeza kitu karibu?"
Akatazama viatu vyangu, vyeupe kwa unga.
"Si hivyo hapo."

Lari mia na arobaini.
Tukaafikiana mia na ishirini, na mikate minne ya moto.

Wiki nzima nilikosea.
Picha nyeusi kama chungu. Picha nyeupe kama mtindi.
Paka mwenye masharubu makali na macho ya ukungu.
Nilifungua tundu la mwanga nikidhani nalifunga,
kwani namba ndogo ndiyo tundu kubwa,
na kubwa ndiyo dogo
(aliyehesabu hivyo, bila shaka, alikuwa na deni).
Nilipiga mkono wangu. Nilipiga tanuri.
Nilipiga bibi Zaira akianika soksi, akaniambia nimlipe.

Halafu Jumapili, uani.
Kutoka langoni, baba ni doa: kofia, meza,
mzabibu mkavu juu yake, shuka za majirani.
Lenzi inameza ua wote na kumwacha yeye mbegu.
Ile ndefu ingemleta hapa nilipo,
bila kuuliza.

Hatujasemezana tangu arobaini ya mama,
kwa neno moja kuhusu nyumba.

Hatua ya kwanza: shuka zikatoka pembeni.
Ya pili: mzabibu ukatoka, Badri akabaki nusu.
Ya tatu niliipiga huku nimebana pumzi,
na ndani ya kile kidirisha nikaona vifungo vya koti
vimekosana na matundu yake, kimoja juu, kimoja chini.
Mama ndiye aliyekuwa akimfunga.

Akainua uso.
Nikabonyeza.

"Kimekula pesa ngapi hicho?"
Nikamtajia. Nikapunguza kidogo.
"Wamekuibia. Kaa.
Badri amechoka kufungwa."

Ninayo picha hiyo.
Fokasi imeangukia dadu: tano na mbili, kali kama sindano,
na nyuma yake baba ni moshi wenye kofia.
Ya pili sikuipiga.
Vifungo vilikuwa vinne, vigumu,
na baridi ilikuwa imeniganda vidoleni.