Nane ya Nani?

Katibu amenikabidhi kamba ya katani
na vibendera kumi na vinne vya karatasi.
"Bwana Ülo, ukumbi ugawe kwa nchi.
Kila nchi na meza yake.
Mwaka jana yalikuwa makelele matupu."

Mimi mhudumu wa shule hii ya Viljandi,
nafagia ukumbi wa michezo, natia bawaba mafuta.
Kufuma nilifunzwa na bibi, soksi tu,
na kisigino changu hakijawahi kusifiwa.
Lakini makelele yale niliyasikia,
na sisemi katibu kakosea.

Gwenllian wa Bala aliandika: sindano namba nane.
Corinne wa Duluth akachukua nane yake,
akamfumia mjukuu wa miezi mitatu
sweta lililommeza mtoto kichwa na miguu.
Mwaka mzima wakaandikiana barua,
kila mmoja akimfunza mwenzake kuhesabu.
Kumbe nane ya zamani ya Wales ni milimita nne,
nane ya Marekani ni tano,
na Shizuko wa Aomori, kiganja mdomoni akificha kicheko,
akatoa nane ya kwao: nne na nusu.
Nane tatu juu ya meza moja,
na hakuna iliyosema uongo.

Basi watengwe?

Ungemwona Nélida wa Esquel,
siku mbili kimya, sindano zake tu zikisema,
hadi walipoingia wale dada wawili wa Chile.
Lo! Alicheka mpaka uzi ukamponyoka,
safu nzima ikafumuka asijali.
Wakaulizana sufu inauzwa bei gani sasa,
forodha inakata kiasi gani,
duka gani hushusha bei majira ya baridi,
baridi yao, ya Julai,
sisi huku tukitafuta kivuli.
Mazungumzo ya namna hiyo mgeni hayamfai,
nami niliyaonea wivu.

Nikashika kamba, nikaanza kupima.
Nikasoma karatasi ya katibu:
Argentina, meza ya pili.
Chile, meza ya tano, ng'ambo ya kamba.
Kamba ingepita katikati ya kicheko kile.

Nikakaa chini kidogo.

Nikakumbuka kisigino changu.
Shizuko alikiona, hakuniuliza natoka wapi,
wala hatuna neno hata moja la pamoja.
Alifumua, akafuma, akafumua tena,
akanirudishia sindano kama anayemrudishia mtu mkono wake.
Kisigino kikakaa.
Na Leelo, mwenye kushika uzi kwa kushoto,
alimtazama Gwenllian anayeushika kwa kulia
kama mla kwa kijiko anavyomtazama mla kwa mkono,
kwa huruma kwanza,
kisha, mchana ulipokwisha, akajaribu.

Halafu yuko Galina Arkadyevna.
Huyu nimwekee bendera gani?
Alizaliwa Narva, katika nyumba anayolala hadi leo,
mlango uleule, jiko lilelile.
Nchi ndizo zilizokuja na kuondoka,
yeye hajawahi kuhama.
Jioni nilimpigia simu, nikamuuliza kwa adabu
angependa meza ya nchi ipi.
Akanyamaza. Nilisikia birika likichemka kwake.
"Dirisha liko upande gani?" akasema.
"Niweke penye dirisha. Macho yangu, mwanangu."

Sasa ni saa za usiku, ukumbi mtupu.
Nimechukua bamba la chuma karakanani,
nimetoboa matundu matatu,
nne, nne na nusu, tano,
nimelitundika mlangoni kwa kipande cha kamba ya katibu.
Atakayeingia na nane yake
atajua kwanza ni nane ya nani.
Meza ya pili na ya tano nimezisogeza zikagusana.
Bendera nyingine nimezisimika nilivyoagizwa,
maana kazi ni kazi, na katibu si mtu mbaya.

Ile ya meza ya dirishani ningali nayo mfukoni.
Kesho nitasema imepotea.