Jembe Liko Wapi

Saa saba usiku, Łódź. Tramu ya mwisho imeshapita
na kikombe kimeacha duara la tatu juu ya meza.
Mchana nahesabu ankara za kampuni ya mitambo ya kupasha nyumba joto;
usiku nautunza mchezo wa watu wanaochimba mifereji,
bure, huu mwaka wa tisa,
tangu Radomił aliyeuanza alipopata mtoto
akaniachia nywila na neno moja: ni kazi kidogo tu.

Kidogo tu.
Hitilafu mia tatu na arobaini zimepanga foleni.
Mchezaji mmoja anauliza: mbona mchezo wenu umekufa?
Wenu! Nilicheka peke yangu jikoni,
nikautafuta huo wingi chini ya meza, nyuma ya jokofu:
wingi wa mtu mmoja,
kifundo cha mkono wake kimefungwa bendeji.

Ule mto wa mchezoni, niliouchora mwenyewe,
samawati yake niliyoibishania wiki nzima,
sasa nikiuona natamani ukauke.

Ndipo akaandika Temulen wa Ulaanbaatar,
mlinzi wa zamu ya usiku kwenye kituo cha umeme,
Kiingereza chake kibovu kama changu:
"Kaskazini mwa ramani, mto unapanda mlima.
Nataka kusaidia. Naanzia wapi?"

Swali hilo wameshaniuliza watu kumi na mmoja.
Wote niliwajibu maneno mawili: soma msimbo.
Nawakumbuka kwa jinsi walivyonyamaza.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Sawa. Lakini jembe langu liko wapi?
Nililificha bila kujua:
bamba limo kwenye faili niliyoiita "jaribio la mwisho kweli la pili",
mpini umo kichwani mwangu,
na makali, ah, makali
nimemwonyesha kila aliyebisha hodi.

Usiku ule sikuziba hata tundu moja.
Niliandika. Kwanza sakinisha hiki. Kisha kile.
Ukiona onyo jekundu, usitishike, limekuwapo siku zote.
Usiiguse folda ya tatu.
Nikasita. Kwa nini asiiguse?
Sikujua. Miaka sita nimeizunguka folda ile
kama mtu anayeukwepa ubao uliolegea sakafuni.
Nikaifungua.
Ilikuwa tupu.

Kiraka chake cha kwanza kilifika Jumapili.
Kiliushusha mto, naam,
na kikafuta kila mchezo uliohifadhiwa.
Vidole vikaniwasha: ningefanya mwenyewe kwa dakika kumi!
Nikavikalia. Kweli, niliikalia mikono yangu pale kitini
kama mtoto aliyekatazwa sukari,
mpaka ikafa ganzi,
kisha nikatumia jioni nzima
kumweleza dakika kumi zile.
Akauliza tena. Nikaeleza tena.
Mara ya tatu ni mimi niliyekuwa nimekosea.

Sitasema nimepona.
Kifundo bado kinauma mvua ikinyesha,
foleni ni mia tatu thelathini na nane,
na kwenye kona moja ya ramani kuna kijito
ambacho hadi leo kinapanda kilima;
tumekubaliana kingoje.

Juzi nililala saa tatu, taa za jirani zikiwaka.
Asubuhi nikakuta mtu mpya, Aurélio wa Pelotas,
ameuliza naanzia wapi,
na Temulen ameshamjibu
kwa maneno yangu yaleyale, lakini yana makosa mawili.

Niliyaona.
Nikafunga kompyuta, nikawahi tramu.